Mjomba anauliza: hivi hiyo Bitcoin imekufa?

Krismasi ya 2022 nilikuwa nyumbani Kyela, upande wa Ipinda. Kama hujafika, ni ile kona ya Tanzania ambako milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja ziwani, mchele unanukia kabla hujafunua sufuria, na nyumba nyingi zina miti ya kakao hadi karibu na jiko. Jioni moja mjomba akaniita pembeni, akatoa simu yake, akasema, "Mwipwa, wewe si unasomea mambo ya kompyuta? Redioni wanasema Bitcoin imekufa. Sasa na hela yangu imekufa nayo?"

Kwenye simu kulikuwa na programu yenye grafu ya kijani inayopanda. Salio: dola 900. Mwezi Agosti alikuwa ameweka sh. 600,000, hela ya kakao, kupitia kundi la WhatsApp alilounganishwa na jirani. Alipotaka kutoa, akaambiwa alipe kwanza "kodi" ya asilimia 20, yaani dola 180, kama sh. 420,000 hivi. Hana. Lakini kuna mtu yuko tayari kumpa hizo hela leo leo, kwa sharti kwamba kakao ya msimu ujao, ikiwa bado mtini, itakuwa yake kwa bei atakayoipanga yeye.

Unachosoma hapa ni jibu nililompa mjomba, nikiwa nimeongezea yale ambayo siku ile sikuyasema kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Swali lake lina maswali mawili ndani yake, na ukiyachanganya utaliwa hela. Tuanze na la redioni.

Mwaka wenyewe ulikuwaje

Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilishuka chini ya dola 16,000. Nikiri mapema: na mimi nilinunua Novemba ile ile ya kilele, laki moja na nusu niliyoibana kwenye posho. Kufikia Krismasi ilikuwa imebaki kama sh. 37,000. Kwa hiyo msomaji usidhani nakuhubiria, tulianguka wote.

Bei kushuka si kitu kigeni. Bitcoin imewahi kuporomoka vibaya 2014 na 2018, ikaamka. Kilichoifanya 2022 iwe tofauti ni taasisi zilizoanguka, moja ikiivuta nyingine.

Ya kwanza ilikuwa mwezi Mei. Kulikuwa na sarafu iitwayo TerraUSD, iliyotakiwa kuwa na thamani ya dola moja siku zote. Mfanyabiashara yeyote wa soko la Kyela angeuliza kwanza: hiyo dola imewekwa wapi? Kulikuwa na akiba kiasi, lakini nguzo yenyewe haikuwa dola. Ilikuwa sarafu nyingine ya watu wale wale, inaitwa Luna. Kanuni ilisema TerraUSD moja unaweza kuibadilisha wakati wowote kwa Luna za thamani ya dola moja. Watu walipoanza kukimbia, programu ikachapisha Luna za kuwalipa. Kadiri ilivyochapisha, bei ya Luna ilishuka, na kadiri bei ilivyoshuka, ilibidi zichapishwe nyingi zaidi. Ndani ya siku chache idadi ya Luna ilitoka kama milioni 350 hadi trilioni 6.5, na bei yake ikatoka kama dola 80 hadi sehemu ndogo ya senti. Kwa makadirio ya kawaida, dola bilioni 40 zikayeyuka.

Kilichowavuta watu kule ni huduma moja iliyoitwa Anchor, iliyokuwa inalipa riba ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Wenye umri wanaikumbuka DECI ya hapa kwetu, ile ya "kupanda mbegu", iliyofungwa na serikali mwaka 2009 huku watu wakiwa wanasubiri kuvuna. Sisemi Terra na DECI zilikuwa kitu kimoja mbele ya sheria. Nasema swali la kuuliza ni lile lile: hii faida inatoka shamba gani?

Linganisha na hela ya kwenye simu yako. Kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka 2015 zinamtaka mtoa huduma aweke benki, kwenye akaunti ya udhamini, kiasi kinacholingana na salio za wateja. Ukiona sh. 50,000 kwenye M-Pesa, kuna sh. 50,000 zimelala mahali kwa ajili yako. Luna haikuwa na kitu cha namna hiyo cha kutosha.

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Juni kampuni ya Celsius ikafunga mlango wa kutolea hela, Julai ikaenda mahakamani kama mufilisi. Mfuko wa Three Arrows nao ukalala. Huyu alimkopesha yule, yule akamkopesha wa tatu, wa tatu akawa amenunua Luna. Sitakaa hapo. Nataka twende FTX, lakini ili uielewe FTX lazima kwanza uelewe daftari.

Daftari ambalo huwezi kulichana ukurasa

Neno blokicheni linatisha bure. Chukua daftari la AMCOS. Kule Kyela kakao inapita kwenye vyama vya msingi: unaleta mzigo, karani anapima, anaandika kilo, unapewa risiti, mzigo unaenda ghalani, unapigwa mnada, hela inarudi. Wasiwasi wa mkulima huanza akishageuza mgongo. Je, nikiondoka, hakuna atakayegeuza 25 yangu kuwa 15?

Tufanye hesabu ndogo. Ukurasa wa kwanza una wakulima watatu: kilo 40, kilo 25, kilo 32. Chini tunaandika jumla, 97, na ukurasa wa pili lazima uanze kwa kunakili ile 97. Karani akigeuza 25 kuwa 15, jumla inakuwa 87 na ukurasa wa pili unamuumbua. Safi. Lakini karani mjanja atapunguza kumi kwako na kumwongezea shemeji yake aliye wa tatu: 40, 15, 42. Jumla bado ni 97. Hakuna aliyeona.

Basi tubadili kanuni. Kila namba tuizidishe kwa nafasi yake kabla ya kujumlisha. Za kweli: 40 mara 1, 25 mara 2, 32 mara 3, yaani 40 + 50 + 96 = 186. Za wizi: 40 + 30 + 126 = 196. Amekamatwa! Kanuni yangu nayo ina mianya (itafute jioni ukiwa huna bando, ni zoezi zuri). Wanahisabati wametengeneza kanuni kali zaidi. Bitcoin inatumia inayoitwa SHA-256. Unaipa ukurasa mzima, inakurudishia alama ya herufi na tarakimu 64. Badili nukta moja tu kwenye ukurasa, alama yote inageuka, na hadi leo hakuna aliyepata njia ya kutunga kurasa mbili tofauti zenye alama moja.

Ukurasa ndiyo bloku. Alama ya ukurasa uliopita, inayonakiliwa mwanzoni mwa unaofuata, ndiyo pete inayounga mnyororo. Halafu linakuja jambo la pili ambalo watu hulisahau: nakala. Kama daftari ni moja na liko kwa karani, anaweza kukaa usiku kucha akaliandika lote upya, na alama zake zote zikaendana. Lakini kama mimi ninayo nakala, wewe unayo, mnunuzi anayo na chama kikuu kinayo, atawaandikia wangapi upya?

Linabaki swali la nani anaandika ukurasa unaofuata. Kwenye Bitcoin kuna mashindano: kompyuta duniani kote zinabahatisha namba kwa kasi ya ajabu, na kila baada ya dakika kumi hivi mmoja anashinda, anaandika ukurasa, analipwa Bitcoin mpya (mwaka 2022 zilikuwa 6.25). Mashindano haya yanakula umeme wa kiwango cha nchi nzima. Ethereum, mnyororo wa pili kwa ukubwa, ulikuwa ukifanya hivyo hivyo mpaka tarehe 15 Septemba 2022, ulipohamia utaratibu mwingine ambapo waandishi huweka dhamana ya sarafu zao badala ya kuchoma umeme, na akidanganya dhamana inakatwa. Matumizi ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99, na mfumo haukuzimwa hata kidogo wakati wa kuhama, kama kubadili injini ya boti ikiwa katikati ya Itungi na Matema. Kwa macho ya kisayansi, hiyo ndiyo habari kubwa ya mwaka, na karibu hakuna redio iliyoitangaza.

Sasa twende FTX

FTX lilikuwa soko la kubadilishia sarafu hizi, mojawapo ya makubwa duniani. Tarehe 11 Novemba 2022 likaomba ulinzi wa mufilisi, likiwa na pengo la mabilioni ya dola za wateja. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alikamatwa Bahamas mwezi Desemba, na mwanzoni mwa Januari 2023 alikana mashtaka mahakamani New York.

Jambo ambalo mjomba hakulijua, na nadhani wengi hawalijui: ukinunua Bitcoin kwenye soko kama lile na kuiacha pale pale, jina lako haliko kwenye mnyororo. Kwenye mnyororo kuna pochi ya soko. Wewe umo kwenye daftari la ndani la kampuni, ambalo ni faili la kawaida kama la duka lolote. Hakuna nakala, hakuna alama 64, hakuna wa kumuumbua karani. John Ray, yule aliyeletwa kusimamia ufilisi wa FTX, na ambaye zamani alisimamia ule wa Enron, aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba kampuni hii ya mabilioni ilikuwa ikitunza hesabu zake kwa QuickBooks. QuickBooks! Programu wanayotumia wenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Akaongeza kwamba hakuona ufundi wowote mpya pale, ni hela za wateja kuchukuliwa kwa njia za kizamani.

Wakati huo huo daftari la Bitcoin lilikuwa linaandika ukurasa kila dakika kumi, kama lilivyofanya tangu ule wa kwanza, tarehe 3 Januari 2009. Halikusimama Mei, halikusimama Novemba. Kwa hiyo swali la kwanza la mjomba lina jibu fupi. Haijafa. Januari 2023 ilipanda tena hadi karibu dola 23,000. Itaendelea kupanda na kushuka, na mtu anayekuambia kwa uhakika itakuwa ngapi Desemba, muulize kwa nini bado anakuuzia mafunzo.

Lakini hata blokicheni isiyo ya sarafu ilipata mwaka mbaya

Hapa nataka kuwa mkweli, maana wapenzi wa teknolojia hii wana msemo wao: "sarafu ni kelele, blokicheni ndiyo mali." Ni kweli nusu. Novemba hiyo hiyo ya FTX, soko la hisa la Australia lilitangaza kuachana na mradi wa kuhamishia mfumo wake kwenye blokicheni baada ya miaka kadhaa ya kazi, na hasara ya mamia ya mamilioni ya dola zao. Mwisho wa mwezi, Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena, na IBM wakatangaza kuifunga TradeLens, daftari la pamoja la mizigo ya baharini walilolianza 2018. Mashine ilifanya kazi. Kilichokosekana ni ushirikiano wa kutosha wa sekta nzima. Fikiria: wewe ni mwenye meli, unashindana na Maersk kila siku, unaambiwa njoo andika siri za biashara yako kwenye daftari lililoanzishwa na Maersk. Ungeandika?

Hili la TradeLens linaigusa Kyela kuliko FTX, na sababu ni kakao.

Tarehe 6 Desemba 2022 Bunge la Ulaya na nchi wanachama walikubaliana juu ya sheria mpya. Kakao, kahawa, mawese, soya, ng'ombe, mbao na mpira vitakavyoingia Umoja wa Ulaya vitatakiwa kuthibitisha kwamba havikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Uthibitisho huo unadai ujue shamba liko wapi kwenye ramani. (Mawese yetu sisi hatuyapeleki Ulaya, tunayala.) Kakao ya Kyela inauzwa nje, na wanunuzi wa kakao hai wamekuwepo wilayani miaka mingi. Kwa hiyo tarajia watu watakuja na simu janja kupima mashamba, na baadhi yao watakuja na neno blokicheni. Watasema: kila gunia litakuwa na alama yake, kutoka mtini hadi kiwanda cha chokoleti, hakuna wa kughushi.

Wasikilize, maana faida ipo. Daftari ambalo karani hawezi kulirudia usiku ni kitu kizuri. Mkulima mwenye nakala ya kilo zake kwenye simu ana nguvu ambayo babu yake hakuwa nayo. Lakini kumbuka hesabu yetu ya 186 na 196. Ilimkamata aliyebadili namba baada ya kuandikwa. Aliyeandika uongo tangu mwanzo haimkamati. Mizani ikiwa imechezewa, kilo 25 zikasomeka 22, mnyororo utaihifadhi ile 22 kwa uaminifu wa ajabu, na dunia nzima itakuwa na nakala ya uongo.

Na kakao ina mianya mingi kabla ya kufika kwenye namba. Inavunwa mbichi, inavundikwa siku tano hadi saba, inaanikwa, na hapo inakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya uzito. Nani aliandika unyevu? Gunia la Ipinda likichanganywa na la mlimani, nani atajua? Tena angalia suala la mjomba. Akichukua ile hela na kuuza kakao ikiwa mtini, msimu ukifika mzigo hautapelekwa chamani na yeye. Atakayeupeleka ni yule bwana mwenye hela, kwa jina lake mwenyewe, na kilo zitaandikwa zake. Kwenye mnyororo mjomba atakuwa hajavuna kitu, na yule bwana ataonekana mkulima hodari kuliko wote kijijini. Kila alama itaendana. Teknolojia haina la kusema hapo, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika.

Kwa hiyo nikija kuulizwa kama mradi wa namna hii ufanyike Kyela, sitauliza kwanza juu ya kompyuta. Nitauliza nani anakagua mizani, karani anapokosea nani anasahihisha na kwa utaratibu gani, na kama wanunuzi wote, vyama na ghala wamekubali kuandika kwenye daftari moja. Wasipokubali, tutakuwa na TradeLens ndogo ya Ziwa Nyasa. Tena mara nyingine, wote wakiwa wanamwamini mtunzaji mmoja, daftari la kawaida la kompyuta lenye nakala tatu linatosha na ni rahisi zaidi. Mtu anayekuuzia blokicheni hatakuambia hilo.

Kasumulu, na dola za kwenye simu

Kuna sehemu moja huku kwetu ambako naona sarafu hizi zina kazi ya kweli, nayo ni mpakani. Ukivuka daraja la Mto Songwe pale Kasumulu uko Malawi, na hela ni kwacha. Mei 2022 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 25 kwa mpigo. Mfikirie mama aliyepeleka mchele Karonga Jumatatu, akalipwa kwa kwacha, akalala nazo. Mtu kama huyo hatafuti utajiri wa Bitcoin. Anatafuta hela isiyoyeyuka wakati amelala.

Sarafu zilizofungwa kwenye dola, kama USDT na USDC, zinaahidi hilo. Tofauti na Terra, hizi zina kampuni nyuma yake zinazosema zimeweka dola, ama kitu kinachokaribia dola, kwa kila sarafu. Zilinusurika 2022, ingawa USDT iliteleza hadi kama senti 95 za dola kwa muda mfupi mwezi Mei. Neno "zinasema" ulitilie maanani, kwa sababu unategemea tena neno la karani fulani wa mbali. Hata hivyo, dau langu ni kwamba matumizi ya kripto Afrika Mashariki yatakua upande huu wa kutuma na kutunza, zaidi ya kubahatisha bei. Wenzetu Kenya tayari wako mbali: UNCTAD ilikadiria mwaka 2022 kwamba asilimia 8.5 ya Wakenya walimiliki sarafu za kidijitali 2021.

Kwa upande wetu sheria bado ina kigugumizi. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo la kuonya umma: hela halali nchini ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia, akiwa Mwanza, akaitaka Benki Kuu ijiandae na mabadiliko haya, isije ikashtukizwa. Na Januari 2023 Benki Kuu ilitoa taarifa kwamba ilikuwa inaendelea kuchunguza uwezekano wa shilingi ya kidijitali, kwa tahadhari na hatua kwa hatua. Mimi sioni haraka hiyo kuwa ndogo mno. Nigeria ilizindua eNaira Oktoba 2021 na wananchi wengi hawakuigusa. Nchi ambayo mama muuza usipa wa Matema anapokea malipo kwa simu ya kitochi haina sababu ya kukimbilia kitu kinachohitaji simu janja.

Maana ya hali hiyo kwako ni hii: ukinunua leo na mambo yakaharibika, hakuna dirisha la serikali la kwenda kulalamikia. Ufunguo wa siri wa pochi ukiupoteza, hakuna wakala wa kukurudishia namba ya siri kwa kitambulisho cha NIDA.

Turudi kwa mjomba

Nilimwomba simu. Nikatafuta kitu kimoja tu: anwani ya pochi, ule mstari mrefu wa herufi ambao kila mwenye sarafu halisi anao, na ambao mtu yeyote duniani anaweza kuutazama kwenye mnyororo aone kuna nini. Programu haikuwa nayo. Kulikuwa na grafu, kulikuwa na salio, kulikuwa na kitufe cha "Alika rafiki". Nyuma ya grafu hapakuwa na bloku hata moja.

Si jambo jipya. OneCoin ilichangisha watu dunia nzima, wakiwemo wengi wa Uganda waliouza mali zao, na haikuwa na blokicheni ya kweli. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na Juni 2022 FBI ikamweka kwenye orodha ya watu kumi inaowatafuta zaidi. Nilipomsimulia mjomba, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo Bitcoin haijanila."

"Bitcoin hamjawahi kukutana nayo, mjomba."

Ile "kodi" nayo nilimweleza: hakuna mamlaka ya kodi inayokutaka uitume kwa namba ya mtu binafsi ili utoe hela yako mwenyewe. Kama hela ingekuwepo, wangeikata humo humo. Wanachokitaka ni zile laki nne na elfu ishirini. Zile laki sita zilishaliwa siku aliyozituma.

Hakupenda kusikia. Mke wake ndiye aliyeuliza swali zuri kuliko yote ya jioni ile, kutoka jikoni: kama ile hela imekwenda, kwa nini inaendelea kuzaa? Nikamwambia kwa sababu namba kwenye kioo haimgharimu kitu anayeiandika. Akasema basi kakao haitoki, akaleta wali.

Hakuitoa. Yule bwana alikuja tena baada ya mwaka mpya, akakuta shangazi yuko uani anaanika. Programu mjomba hajaifuta, anasema anaiangalia tu. Juzi kanitumia picha ya kioo: salio limefika dola 1,140.